Magunia ya ziada na mita kumi za breki, barabara ya Nimule

JUBA. Malori yanayoingia mjini hapa kutoka Nimule yamejaa unga, saruji na sukari iliyopitia Uganda. Yanayotoka, mengi ni matupu. Namba za usajili ni zilezile, injini ni ileile, breki ni zilezile. Kilichobadilika ni mzigo, na kwa dereva hilo ni sawa na kupewa gari jingine.

Mwingereza Isaac Newton alilieleza jambo hili mwaka 1687. Mchapuko, yaani kiwango cha mwendo kuongezeka au kupungua, ni kani inayotumika ukiigawa kwa tungamo la kitu chenyewe. Lori lenye tani 16 likiwa tupu, likipakiwa hadi tani 48 na kusukumwa kwa kani ileile, litapata theluthi moja tu ya mchapuko wake wa awali. Ndiyo maana dereva mzoefu mwenye mzigo hakimbilii kumpita mwenzake mlimani.

Kwenye breki hesabu ina kona. Mzigo ukiongezeka, matairi hukandamiza lami zaidi na kushika vizuri zaidi, hivyo lori lenye mzigo halali halihitaji umbali mara tatu ili lisimame. Lakini breki nazo zina kikomo. Zikishatoa kani yote ziliyo nayo, kila gunia linaloongezwa linakula uwezo wa kusimama.

Chukua lori la tani 50 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, na breki zake, zikiwa zimefika kikomo, zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Tangu breki zishike, litasimama baada ya mita 49 hivi. Ongeza tani 10, yaani magunia 200 ya kilo 50, na litasimama baada ya mita 59. Bodaboda aliyesimama mita 55 mbele hana pa kwenda. Na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla mguu haujafika kwenye pedeli, wala breki zilizopata moto kwenye mteremko.

Barabara hii ya kilomita 192 ilikamilika kuwekwa lami mwaka 2012. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na magari yenye ekseli chache hupewa kiwango cha chini zaidi. Wafanyabiashara wengi huiona mizani kama kituo kingine cha kupoteza muda na fedha. Wanasahau kwamba mara nyingi mwenye mali naye amekaa kwenye kabini, akisindikiza magunia yake.

Ndani ya Juba kwenyewe, mabadiliko haya hutokea kila siku kwenye malori ya maji ya Mto Nile. Tangi la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji, na hupungua pipa baada ya pipa, mtaa hadi mtaa. Likifika nusu, maji hupata nafasi ya kuyumba: dereva anafunga breki, wimbi linapiga mbele na kulisukuma gari. Likiisha kabisa, hatari inageuka. Dereva anayerudi mtoni akikanyaga kwa nguvu aliyoizoea tangu asubuhi, matairi mepesi yanaweza kujifunga na gari likateleza kwenye vumbi.