Kubadilisha tairi la pikipiki nyumbani: maarifa hushinda nguvu

Kwa mwendeshaji wa bodaboda, siku ambayo gurudumu la nyuma halizunguki ni siku isiyo na kipato. Mijini, mafundi wa pancha hupatikana karibu na vituo vingi. Vijijini, fundi wa karibu anaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Hata hivyo, tairi la pikipiki ndogo yenye ringi ya spoki na mpira wa ndani, aina inayotumika sana kubebea abiria Afrika Mashariki, linaweza kubadilishwa nyumbani kwa vifaa vichache.

Kabla ya kununua

Ubavuni mwa tairi huandikwa kipimo chake. Kwa mfano, 3.00-17 humaanisha upana wa inchi 3 kwa ringi ya inchi 17. Kipimo cha tairi jipya sharti kilingane na kile kinachoelekezwa na mtengenezaji wa pikipiki. Tarehe ya kutengenezwa husomwa katika tarakimu nne: 3224 ni wiki ya 32 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huweza kuwa limekauka na kupasuka, ingawa halijawahi kugusa barabara. Ni busara pia kununua mpira wa ndani mpya, kwa kuwa ule wa zamani huwa umekwisha kutanuka.

Siri iko katikati ya ringi

Ndani ya mdomo wa tairi, yaani sehemu inayokaza kwenye ringi, mna waya wa chuma usiovutika. Ndiyo maana kutumia nguvu nyingi huishia kupinda ringi au kutoboa mpira. Lakini ringi haina kina sawa: katikati yake mna bonde. Upande mmoja wa mdomo ukisukumwa ndani ya bonde hilo, upande wa pili hulegea kiasi cha kuvuka ukingo wa ringi. Anayekumbuka kanuni hii amemaliza nusu ya kazi.

Kuvua tairi

Nati ya ekseli hulegezwa wakati pikipiki ingali chini, kisha husimamishwa imara kwa stendi ya katikati. Gurudumu likishatolewa, upepo wote hutolewa kwa kufungua kipini kidogo kilicho ndani ya valvu, na nati inayoshikilia valvu kwenye ringi huondolewa. Tairi hukanyagwa pande zote mbili hadi mdomo wake uachane na ringi.

Maji ya sabuni hupakwa kwenye mdomo. Oili ya injini haifai, kwani huharibu mpira. Ukiwa umepiga magoti juu ya upande mmoja wa tairi ili mdomo uingie bondeni, anza kuuinua upande wa pili, karibu na valvu, kwa vyuma bapa vya kufungulia tairi. Inua kidogo kidogo. Chuma kikigoma, usikilazimishe. Angalia kwanza kama mdomo wa upande wa pili umetoka bondeni.

Kuvalisha jipya

Kwanza hukaguliwa mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umechanika, spoki zitatoboa mpira wa ndani. Iwapo tairi lina mshale, lazima uelekee upande ambao gurudumu huzunguka pikipiki inapokwenda mbele.

Mdomo wa kwanza ukishaingia, mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo tu, upate umbo bila kujaa, kisha huingizwa pamoja na valvu yake. Mdomo wa pili huanziwa upande ulio mkabala na valvu na kumalizikia kwenye valvu. Hapa ndipo wengi hukosea: chuma kinachoingizwa kwa kina kirefu huubana mpira mpya na kuutoboa kabla haujatembea hata mita moja.

Baada ya kujaza upepo, tazama mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi karibu na ringi. Umbali wake kutoka kwenye ringi uwe sawa pande zote. Usipokuwa sawa, toa upepo, ongeza sabuni na ujaze tena, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Mwishoni, upepo hurekebishwa kulingana na maelekezo ya kitabu cha pikipiki.

Kabla ya kurudi barabarani

Hatari kubwa zaidi haimo katika tairi, bali katika kulirudisha gurudumu. Alama za kurekebishia cheni zilingane pande zote mbili, na cheni ibaki na ulegevu unaoelekezwa kitabuni. Kwenye breki ya ngoma, fimbo ya breki na mkono unaozuia bamba la breki lisizunguke virudishwe na kukazwa. Mkono huo ukisahauliwa, bamba hilo linaweza kuzunguka na kulifunga gurudumu ghafla. Nati ya ekseli ikazwe, na pini yake irudishwe pale inapotumika.

Kanyaga breki mara kadhaa, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha endesha polepole bila abiria. Tairi jipya huwa na utelezi mwanzoni, hivyo kona na breki za ghafla ziepukwe siku za kwanza. Ukiona mtikisiko au ukisikia mlio usio wa kawaida, simama na ukague upya kabla ya kumpakia abiria.