Hamira ni Kiumbe Hai



Ukipita mitaa ya Temeke au Kinondoni, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, utawakuta akina mama wameketi karibu na moto, wakipika vitumbua na maandazi ya kuuza. Kwa fedha hiyo hununua sare na madaftari ya watoto. Basi siku unga usipoumuka, hasara si ndogo: mtaji umepotea. Mara nyingi tunaulaumu unga, kumbe hamira ilikwisha kufa.

Ndiyo, hufa, maana hamira ni kiumbe hai. Ni jamii moja na uyoga, ila ni ndogo mno, haionekani kwa macho. Mtaalamu Mfaransa, Louis Pasteur, alianza kueleza kazi yake mwaka 1857: hamira hula sukari, ikatoa hewa na kileo. Ndivyo tembo la mnazi linavyochacha likiachwa. Katika unga uliokandwa, hewa hiyo hunaswa ndani, nao unga hufura. Kileo ni kidogo, na sehemu kubwa hutoweka motoni.

Kwa kuwa ni kiumbe hai, yataka mambo matatu: chakula, joto la kiasi, na muda. Maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Maji ya moto sana huiua. Maji baridi huichelewesha. Chumvi usiimwage juu yake, ichanganye kwanza na unga.

Kabla ya kuhatarisha unga wako, ijaribu. Tia kijiko cha hamira na sukari kidogo katika kikombe cha maji vuguvugu. Ngoja dakika 10. Ikitoa povu, ni hai. Isipotoa, itupe, afadhali kupoteza kijiko kuliko kilo nzima.

Mahali pa joto kama Dar es Salaam, unga huumuka upesi. Ukiuacha mno, huwa mchachu. Wenzetu wa Njombe na Mbeya, wakati wa baridi, wauweke karibu na jiko. Pakiti iliyofunguliwa ifungwe vizuri, iwekwe pakavu, mbali na jua.

Bwana wetu Yesu aliulinganisha Ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliichanganya katika unga mwingi mpaka wote ukaumuka (Mathayo 13:33). Kazi hiyo ya jikoni aliijua. Nasi tuifanye kwa uangalifu, watoto wetu wapate kushiba na kusoma.