Kichocho Kinapofika Kwenye Umio

Mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, anaweza kuvua usiku kucha, akashusha dagaa mwaloni alfajiri, na jioni akatapika damu. Hana homa wala maumivu. Majirani watasema karogwa, au ni vidonda vya tumbo. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, Hyasinta Jaka na wenzake waliwachunguza wagonjwa 240 wa namna hiyo. Kwa matokeo yao ya 2012, zaidi ya nusu walitokwa damu kwenye mishipa ya umio iliyovimba. Vidonda vilikuwa robo tu.

Kanda ya ziwa, nyuma ya mishipa hiyo mara nyingi kuna kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Wakikomaa, dume na jike hukaa pamoja kwenye mishipa ya utumbo. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku. Yasiyotoka na choo husombwa hadi kwenye ini, hunasa humo na kuzungukwa na makovu. Damu ikikosa pa kupita hurudi nyuma: bandama huvimba, na vimishipa vyembamba vya umio hutanuka hadi kupasuka.

Ini lenyewe huendelea kufanya kazi, ndiyo maana mtu huonekana mzima.

Choo kinaweza kisionyeshe yai hata moja, minyoo wa kichocho wakiwa wamekwisha kufa. Ultrasaundi ndiyo huonyesha makovu, yakiwa meupe kandokando ya mshipa mkuu wa ini. Kisha kamera hushushwa kooni. Daktari huunyonya mshipa uliovimba ndani ya kifuniko kilicho kwenye ncha ya kamera, huufunga kwa kimpira, nao hunyauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Kazi hiyo hurudiwa mpaka mishipa iishe.

Dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni huua minyoo, na ikimezwa mapema huokoa ini. Mishipa iliyokwisha kutanuka haiirudishi katika hali yake. Kwa hiyo mwenye bandama inayoshikika chini ya mbavu za kushoto asiridhike na vidonge, wala asichanjwe chale. Apimwe kabla damu haijatoka. Ikishatoka, asile kitu, alazwe ubavu, apelekwe penye akiba ya damu. Kutoka Nansio, mji wa Ukerewe, hadi Mwanza ni saa kadhaa za meli. Ndugu wapande naye, wakachangie damu.