Michezo ya video si mchezo chuoni

Mwambie mzazi yeyote kwamba mwanawe aliyempeleka chuo kikuu kusomea kompyuta sasa anafundishwa kutengeneza michezo ya video, na jawabu utakalopewa si gumu kulikisia. Ati ada yote hiyo, na kijana anacheza! Lawama hiyo ina sababu zake. Wengi wetu twaijua michezo hii kwa upande mmoja tu, ule wa mtoto aliyekodolea macho kioo mpaka adhana ya Isha ikampita. Upande wa pili, wa yule anayeuandika mchezo wenyewe, hatuuoni.

Kwanza ifahamike kwamba mchezo wa kompyuta haukuingia chuoni kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, A. S. Douglas aliiandikia kompyuta iliyoitwa EDSAC programu ya mchezo wa kujaza sifuri na misalaba katika vyumba tisa. Hakuwa akijipumbaza. Ilikuwa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari juu ya maingiliano baina ya mtu na mashine.

Walakini ilichukua miaka mingi kabla ya kazi hii kutolewa shahada yake. Claude Comair alianzisha chuo cha DigiPen mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1988. Mwaka 1994, kwa kushirikiana na kampuni ya Nintendo, kikaanza kufundisha uandishi wa programu za michezo ya video, na mwaka 1998 kikafungua milango huko Redmond, Marekani, kikitoa shahada ya kwanza. Leo vyuo vingi duniani vimeliweka somo hili ndani ya shahada ya sayansi ya kompyuta.

Je, hufundishwa nini hasa? Tuchukue bao, kwa kuwa sote twalijua. Lina mashimo 32 na kete 64. Aliyekulia barazani hahitaji kuelezwa kwamba mwanzoni kila mchezaji ana kete 22 mkononi, wala kwamba sheria za namua si sheria za mtaji. Kompyuta haijui lolote katika hayo. Mashimo kwake ni orodha ya tarakimu 32, na kila jambo sharti iambiwe: wapi pa kuanzia kusambaza, lini kete zinaliwa, lini zamu imekwisha, nyumba ikiguswa afanye nini. Ukisahau sharti moja dogo, mashine itakuchezea bao ambalo halijapata kuonekana.

Kisha ukitaka icheze kwa ustadi, lazima ipime kila hatua, na majibu ya mpinzani kwa kila hatua, na majibu ya majibu hayo. Idadi inafumka kama matawi ya mkwaju, na mwanafunzi hana budi kujua ni tawi gani akate asipoteze wakati. Huo ndio moyo wa sayansi ya kompyuta, ila umevikwa nguo za mchezo.

Na bao lina adabu, linakungoja. Mchezo wa video haungoji. Aghalabu kioo huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila picha ina muda wa kama sehemu 16 tu za elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo programu isome kidole cha mchezaji, isogeze kila kitu, itazame nani kagongana na nani, ikadirie mwanga na kivuli, ichore. Programu ya mishahara ikichelewa sekunde mbili, karani hunywa funda la chai. Hapa mchezaji ataona kitu kimeshtuka, na hatanunua tena. Hata kugeuza gari upande kwenye kioo mara nyingi hutumiwa hesabu aliyoivumbua William Rowan Hamilton mjini Dublin mwaka 1843. Kijana aliyeikimbia hisabati sekondari atakutana nayo hapa uso kwa uso.

Matunda yake nayo yameonekana. Mwaka 2005 wanafunzi wa DigiPen walitoa mchezo uitwao Narbacular Drop, wa binti mfalme asiyeweza kuruka, ambaye hujiokoa kwa milango miwili: ukiingia huu, unatokea ule. Kampuni ya Valve ilipouona iliwachukua kazini, na mwaka 2007 ukatoka Portal, mchezo uliojengwa juu ya wazo lilo hilo na kupata sifa ulimwenguni.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kijana asisomee michezo peke yake. Biashara hii ina mawimbi; mwaka 2023 na 2024 makampuni makubwa yaliachisha kazi maelfu ya watu. Mwenye shahada kamili ya kompyuta huhama na ujuzi wake. Kadi za kuchorea picha zilizotengenezwa kwa ajili ya wachezaji ndizo walizozitumia watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 2012 kuifunza kompyuta kutambua picha, na mambo ya akili bandia yakabadilika tangu hapo.

Liko pia la kuangaliwa. Michezo mingine huuza visanduku ambavyo mnunuzi hajui ndani mna nini mpaka amelipa. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya namna hiyo ni kamari. Nyuma ya kila kisanduku kuna mwandishi wa programu aliyeketi akapanga nani apate na nani akose, na huenda kazi hiyo akapewa kijana wetu siku ya kwanza ofisini.

Mzazi anayetaka kujua analipia nini na aombe orodha ya masomo. Akiona jabra ya vekta, miundo ya data, lugha ya C++ na mchezo mzima ambao wanafunzi wataujenga kwa pamoja mwaka mzima, hapo pana elimu. Akiona ni kufundishwa kubofya vifaa vilivyoundwa na wengine tu, ada hiyo na aibakishe mfukoni.