Gari au Treni kwa Marafiki wa Amsterdam hadi Milano

Kwa hesabu ya harakaharaka, gari ndilo nafuu. Chukua mke na mume wa Dar es Salaam wenye marafiki wanne wa zamani: mmoja walisoma naye Tabora, sasa yuko Amsterdam, jirani yao wa Tanga ameolewa Köln, wengine wako Strasbourg na Zürich, na ndege ya kuwarudisha nyumbani inaondokea Milano. Njia nzima ni takriban kilomita 1,100, na gari dogo litakunywa petroli ya euro 130 hivi. Uholanzi na Ujerumani hazitozi magari madogo ushuru wa barabara kuu, na A35 inayoteremka Alsace upande wa Ufaransa ni ya bure pia. Uswisi inataka stika ya faranga 40, inayouzwa kwa mwaka mzima tu hata kama unakatiza nchi kwa asubuhi moja. Italia itadai euro chache kufika Milano. Mafuta na ushuru, kwa watu wawili, havifiki euro 200.

Sasa treni. Pasi ya Eurail, inayouzwa kwa wasioishi Ulaya, ni takriban euro 280 kwa mtu mzima akitaka siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili. Wawili ni 560. Hapo wengi hufunga daftari na kwenda kutafuta gari la kukodi.

Wangeendelea kusoma kidogo. Gari lililochukuliwa Amsterdam na kuachwa Milano hutozwa ada ya kuachwa nchi nyingine, na ada hiyo peke yake huweza kuzidi kodi ya wiki nzima. Kampuni nyingine hazikubali kabisa. Kaunta nayo itataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ili izuie amana; kadi ya kawaida ya benki, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, mara nyingi hukataliwa au huambatanishwa na bima ya ziada. Bima iliyomo kwenye bei ya tangazo haifuti kila kitu: gari likikwaruzwa, euro 1,000 za kwanza au zaidi huweza kuwa zako. Na ukitaka otomatiki, ongeza tena, kwa kuwa gari la bei ya chini kabisa kwa kawaida huwa la gia za mkono. Kwa mtu aliyezoea kuendesha kushoto na sasa anaingia mzunguko wa magari akiwa kulia, kubadilisha gia kwa mkono wa kulia ni mtihani wa pili juu ya wa kwanza.

Kisha kuna miji yenyewe. Marafiki hawa wote wanaishi mjini, na mji wa Ulaya haulipendi gari la mgeni. Katikati ya Amsterdam maegesho ya barabarani hupita euro 7 kwa saa. Köln ina eneo linaloruhusu magari yenye stika ya kijani ya hewa safi tu, na gari la kukodi la Uholanzi linaweza kuwa halina. Faini ni euro 100. Milano hutoza euro 7.50 kwa siku za kazi kuingia kitovu cha mji, na kamera ndizo zinazosimamia, hazibembelezeki. Faini ya kamera hukufuata hadi Dar, maana kampuni ya kukodisha ina namba ya kadi yako na huongeza ada yake ya kushughulikia karatasi.

Kwa njia hii, basi, mimi ningepanda treni. Amsterdam hadi Köln ni chini ya saa tatu, na Zürich hadi Milano unapita chini ya Alps kwenye handaki la Gotthard la kilomita 57, lililofunguliwa mwaka 2016. Huoni milima kwa dakika hizo, ni kweli, lakini hutafuti pa kuegesha.

Hukumu hiyo inageuka rafiki akihamia kijijini. Mwenyeji anayekaa kwenye vijiji vya mizabibu vya Alsace, ambako basi la Jumapili ni la bahati, anastahili gari: lichukue Strasbourg, zunguka nalo siku mbili au tatu, lirudishe ofisi ileile. Ada ya kuliacha ugenini haipo, na petroli unaweza kujazia Kehl, ng'ambo ya mto Rhine, ukilinganisha bei za pande zote mbili. Hakikisha tu mkataba unaruhusu kuvuka mpaka, na kwamba ofisi hiyo haifungwi siku ya kurudisha.

Malazi kwa marafiki huandikwa sifuri kwenye bajeti nyingi, nami siamini sifuri hiyo. Siku ya tatu jembe, na jembe la huko ni kwenda dukani na kulipia kikapu. Zürich kikapu hicho kitauma kuliko Köln, kwa hiyo kaeni siku nyingi Köln, Zürich pitieni kusalimia.

Hilo lina faida nyingine. Viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, huombwa kwenye nchi mnayokaa siku nyingi zaidi. Ikiwa ni Ujerumani, mwenyeji anaweza kuwasainia dhamana rasmi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake kwa euro 29. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ada ya viza hairudishwi mkikataliwa.

Na hapa ndipo pasi ya Eurail, iliyoonekana ghali, inapojitetea. Tiketi za treni moja moja zikinunuliwa miezi kadhaa kabla zinaweza kuwa nafuu kuliko pasi, ila nyingi za bei hiyo hazirudishiwi fedha na zimefungwa kwenye treni ya saa fulani. Anayesubiri jibu la ubalozi hawezi kucheza mchezo huo. Pasi ya kawaida ambayo haijaanza kutumika hurudishiwa sehemu kubwa ya fedha, na treni nyingi za ndani ya Ujerumani hazilazimishi kununua kiti. Ya kuvuka kutoka Zürich kwenda Milano ndiyo hulazimisha, kwa hiyo wekeni euro za kiti pembeni. Mwenye viza tayari mkononi anunue tiketi moja moja. Asiyenayo, pasi.