Mifereji ya Mirihi: Ni Nini Kilichopita Hapo?

Katika sayari ya Mirihi, kwenye vilima vya mchanga vya kreta ya Russell, kuna mifereji myembamba ishukayo mteremkoni, mingine yenye urefu wa kilomita 2 na zaidi. Wengi walidhani ni kazi ya maji, na dhana hiyo si ndogo, kwani palipo na maji huenda pakawa na uhai. Ila maji hubwaga chini mchanga yaliouchukua. Huku hakuna lundo. Mfereji hukomea ghafla shimoni. Kwetu sisi, shimo hilo ndilo shahidi mzito.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani, akiwamo Serina Diniega, walitaja mapande ya kaboni dayoksaidi iliyoganda, hewa ile ile tuitoayo puani. Kipupwe kikiisha, pande humeguka likaporomoka. Haliwi maji, hugeuka hewa papo hapo, na hewa hiyo hulibeba likateleza. Waliteremsha barafu kavu kwenye vilima vya Utah, nayo ikateleza.

Mwaka 2025 Lonneke Roelofs wa Utrecht alitoa matokeo ya kulijaribu jambo hili ndani ya chumba cha hewa hafifu huko Milton Keynes, Uingereza, jirani na baadhi yetu. Pande lilijichimbia mchangani mithili ya fuko, likirusha chembe kila upande.