Picha Isiyo na Mbingu

Ukisimama ufukweni Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, unaona maji, kisha milima ya Ubwari, kisha anga. Kwa hiyo mwenyeji wa hapa akionyeshwa picha ya mchoraji Mkongo Pilipili Mulongoy ana haki ya kuuliza mbingu imekwenda wapi. Samaki wapo, ndege wapo, mamba pengine yupo, lakini hakuna juu wala mbali: nafasi yote imejaa majani, nukta na vistari vya rangi kali. Wapo wanaokata shauri haraka kwamba mchoraji huyu hakujua kuchora mandhari. Mimi naona alijua, ila aliyatazama kwa karibu kuliko tulivyozoea.

Ushahidi ulikusanywa Paris mwaka 2015, taasisi ya Fondation Cartier ilipoandaa Beauté Congo, maonyesho yaliyopitia uchoraji wa Kongo tangu 1926. Humo Pilipili alitundikwa pamoja na Mwenze Kibwanga na Bela, wenzake wa karakana ya Le Hangar, iliyofunguliwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Hapo pingamizi hubadilika: basi ni Mzungu aliyewaelekeza! Ni kweli aliwapa vifaa na kuwakataza kuiga Ulaya, na katazo nalo ni agizo. Lakini agizo lile lile lingezaa mkono mmoja, na hapa mikono ni mitatu. Mwenze hujenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vinavyolala sambamba, kwa rangi chache za udongo. Bela, aliyekuwa mlinzi, aliweka brashi kando akachovya vidole. Isogelee picha yake: ni alama za vidole tu, rangi juu ya rangi. Rudi nyuma hatua chache, mti unatokea. Tofauti hizi hazionekani kwa picha moja. Ndiyo maana kazi za miaka mingi hukusanywa ukumbini.

Wala kuacha umbo halisi la kitu si ugeni kwa watu wa huku kwetu Fizi, eneo ilipo Baraka. Kinyago cha alunga cha Wabembe kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, na macho makubwa yaliyochimbwa, meupe, yenye msalaba ndani. Hakuna binadamu mwenye macho hayo, na hatusemi mchongaji alishindwa kuchonga jicho. Kwa nini tuwe wakali zaidi kwa mwenye turubai?

Lawama moja inabaki na siwezi kuikanusha. Wanunuzi wa Le Hangar walikuwa hasa Wazungu, na picha nyingi zilikwenda nao. Vinyago vya alunga navyo vimeishia kwenye makabati ya makumbusho ya ng'ambo. Mtoto wa Baraka anabaki kujifunza mandhari kutoka kwenye kalenda ya ukutani: buluu juu, maji chini, jua katikati.